Sura ya Saba: Mthamini Hakuingia Ndani

Barua hufika Aprili. Katika kaunti nyingi za Texas huwa karatasi moja au mbili zenye jina la mwenye nyumba, anwani, na thamani ambayo ofisi ya uthamini inasema nyumba hiyo ilikuwa nayo tarehe 1 Januari ya mwaka huo. Haidai malipo. Kwa hiyo wengi huipitishia macho, wakaitia kwenye droo pamoja na matangazo ya benki, wakaenda kazini. Bili yenyewe hutoka kuanzia Oktoba, na hapo ndipo watu hushtuka, hupigiana simu, huulizana nani wa kumlalamikia. Wa kumlalamikia alikuwapo Mei. Oktoba ikifika, daftari la mwaka limekwisha kufungwa na kila mtaa umekwisha kugawiwa mzigo wake.

Sura hii inahusu wiki hizo chache kati ya barua na tarehe ya mwisho ya pingamizi. Nimeiandika nikiwafikiria watu wa aina moja hasa: familia kutoka Kongo, Burundi, Kenya au Tanzania, zilizonunua nyumba Fort Worth, Houston, Columbus au Minneapolis kwa fedha za zamu za usiku katika maghala na nyumba za wazee. Kuanzia 2016 hadi 2024, karibu kila mwaka, Kongo ilikuwa mbele katika orodha ya nchi walikotoka wakimbizi waliopokelewa Marekani, na Texas ni kati ya majimbo yaliyopokea wengi. Waliofika wakiwa vijana sasa wana watoto wa sekondari na hati ya nyumba. Kununua walielekezwa na wakala, na benki, na mchungaji, na shemeji aliyewatangulia. Jinsi ya kuitunza nyumba isiwatoke mikononi, hapo wengi waliachwa wajielekeze wenyewe.

Kubishana na serikali juu ya thamani ya nyumba ni jambo ambalo wengi wetu hatukulikuta nyumbani. Tanzania, tangu 2021, kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU. Ukinunua umeme, makato yamo humo humo: nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, ikapanda hadi 1,500 mwaka 2023. Nyumba ya vyumba viwili Mbagala na nyumba pana isiyo na ghorofa Mbezi Beach hukatwa sawa. Hakuna anayekuja kukuambia nyumba yako ina thamani gani, basi hakuna thamani ya kubishia. Nairobi nako, kwa miongo kadhaa, jiji lilitoza kwa kufuata thamani ya ardhi iliyoandikwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jengo lililosimama juu ya kiwanja halikuhesabiwa. Kwa hiyo mtu aliyekulia huko akipokea barua ya Aprili huiona kama amri. Na aliyekimbia vita, aliyejifunza tangu utotoni kwamba kumkosoa mwenye mhuri ni hatari, huiona kama amri maradufu.

Amri haimo. Barua ile ni makadirio, na sheria yenyewe inayoiagiza imeweka njia ya kuyapinga. Kuweka pingamizi hakuna ada. Hakuandikwi popote kama kosa, wala hakuhusiani na ofisi ya uhamiaji. Na sheria ya Texas hairuhusu bodi inayosikiliza pingamizi kupandisha thamani kupita ile iliyowasilishwa na mthamini. Narudia jambo hili kila ninapopata nafasi, maana hofu ya kuadhibiwa kwa kuuliza imewagharimu watu wetu fedha nyingi.

Kwanza tuangalie kinachouma. Aliyekopa mwaka 2020 au 2021 huenda alipata riba chini ya asilimia 3 kwa mkopo wa miaka 30. Aliyekopa mwishoni mwa 2023 alikuta riba imepita asilimia 7. Wote wawili waliambiwa kwamba riba yao haitabadilika, na ni kweli. Lakini malipo ya kila mwezi yana mafungu mawili zaidi ambayo hayakuahidiwa kitu: bima na kodi ya nyumba. Benki huyakusanya pamoja na marejesho ya mkopo, huyaweka katika akaunti ya eskro, kisha hulipa kwa niaba yako. Bima imepanda kwa sababu ya mvua za mawe na vimbunga. Kodi imepanda kwa sababu thamani zilizoandikwa zimefukuzana na bei za soko. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, kwa hiyo shule, miji, kaunti na hospitali za umma huitegemea sana nyumba yako.

Mtego mkubwa zaidi uko katika mwaka wa kwanza, na hapa naomba msomaji asiruke mstari. Tuseme familia inanunua nyumba Juni kutoka kwa mzee wa miaka 78. Mzee huyo alikuwa na misamaha ya mtu aliyepita miaka 65, kodi yake ya shule ilikuwa imewekewa kikomo kisichopanda, na thamani ya nyumba yake ilikuwa imebanwa isikue zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Bili yake ilikuwa dola 2,900. Benki ilichukua 2,900 hiyo kama makadirio ya eskro. Mwaka unaofuata misamaha ya mzee imeondoka naye, kikomo kimeondoka, nyumba imepandishwa hadi bei ya soko, na bili ni dola 7,000. Pengo ni 4,100. Benki inataka kulijaza pengo hilo ndani ya miezi 12, yaani kama dola 342 kwa mwezi, na wakati huo huo inaanza kukusanya kiasi kipya cha mwaka ujao, dola 342 nyingine juu ya zile za zamani. Malipo ya mwezi yanaruka kwa dola 684 hivi, katika mkopo ulioambiwa haubadiliki.

Nyumba mpya kabisa ina mtego wake. Ikiwa tarehe 1 Januari fundi alikuwa bado hajapiga msingi, bili ya mwaka huo huhesabu kiwanja kitupu. Anayenunua Septemba huonyeshwa bili ndogo, akafurahi, akanunua na samani. Mwaka wa pili nyumba nzima inahesabiwa.

Kwa hiyo kabla hata ya kufikiria pingamizi, omba msamaha wa nyumba ya makazi. Ni fomu ya bure katika ofisi ya uthamini ya kaunti yako. Unachohitaji hasa ni leseni ya udereva au kitambulisho cha Texas chenye anwani ya nyumba hiyo hiyo. Mwaka 2023 wapiga kura wa Texas walipandisha msamaha wa kodi ya shule hadi dola 100,000 za thamani ya nyumba, na Novemba 2025 wakaupandisha tena hadi 140,000. Waliofikia miaka 65 na wenye ulemavu huongezewa 60,000. Fomu hiyo ndiyo inayoanzisha pia ule ukomo wa asilimia 10, ambao hufanya kazi kuanzia mwaka unaofuata. Zipo kampuni zinazotuma barua zenye nembo zinazofanana na za serikali, zikidai malipo ili zikujazie. Usizilipe. Na kama mzazi wenu mzee anaishi nanyi na ana sehemu katika umiliki wa nyumba, jina lake kwenye hati lina maana kubwa mbele ya misamaha hii. Mzazi asiye na umiliki hahesabiwi, hata kama ndiye mwenye kiti kikubwa sebuleni. Suala la nani aandikwe kwenye hati lina mambo ya urithi na ya mikopo pia, kwa hiyo lizungumzeni na mwanasheria kabla ya kuandika lolote.

Sasa thamani yenyewe. Ofisi ya uthamini ya kaunti ya Harris, ambako Houston iko, ina zaidi ya milioni moja ya mali za kukadiria kila mwaka. Hakuna jeshi la wathamini linaloweza kugonga milango yote hiyo. Wanachofanya ni kupanga nyumba kwa vitongoji, ukubwa, mwaka wa kujengwa na daraja la ujenzi, kisha kompyuta inazilinganisha na zile zilizouzwa. Picha za angani huonyesha paa na bwawa la kuogelea. Kwa nyumba elfu zinazofanana, wastani unaweza kutoka sawa. Kwa nyumba yako, huenda umekosea sana, kwa sababu mthamini hakuingia ndani.

Hakuona ufa. Sehemu kubwa ya kaskazini mwa Texas ina udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kunywea ukikauka, na nyumba zilizojengwa juu ya bamba la zege huhama pamoja nao. Mlango wa chumba unakataa kufunga, vigae vya jikoni vinapasuka kwa mstari ulionyooka, ukuta wa nje unaachana na dirisha. Kuinua msingi kunaweza kugharimu maelfu mengi ya dola. Mnunuzi yeyote mwenye akili angedai kupunguziwa. Kompyuta haijui. Haijui pia kwamba mabomba ni yale ya tangu nyumba ilipojengwa, wala kwamba kiyoyozi kimekufa tangu majira ya joto yaliyopita.

Mara nyingine kosa liko wazi zaidi. Kila nyumba ina kadi yake katika tovuti ya ofisi ya uthamini. Ifungue. Linganisha eneo la sakafu, idadi ya bafu, mwaka wa kujengwa, na kama gereji imeandikwa kuwa chumba cha kuishi. Bafu la tatu ambalo halipo, au banda lililobomolewa na mwenye nyumba wa zamani, ni hoja ambayo ofisa wa haki huimaliza kwa dakika chache.

Tarehe ya mwisho Texas ni Mei 15, au siku 30 baada ya barua kutumwa, ile inayokuja baadaye. Fomu ni namba 50-132, au unajaza mtandaoni. Kuna sababu mbili ambazo mwenye nyumba wa kawaida anazihitaji: kwamba thamani imezidi bei ya soko, na kwamba nyumba yako imekadiriwa isivyo sawa ukilinganisha na nyumba nyingine za aina yake. Weka alama kwenye zote mbili. Ukiacha moja, bodi inaweza kukataa kukusikiliza juu yake siku ya kusikilizwa. Sababu ya pili wengi huidharau, kumbe ndiyo yenye nguvu katika miaka ambayo soko limepanda. Huenda nyumba yako kweli ingeuzika kwa dola 340,000. Lakini ikiwa majirani wenye nyumba za umri na ukubwa huo huo wameandikiwa 310,000, sheria ya Texas inakuruhusu kudai ushushwe hadi thamani ya katikati ya nyumba hizo, baada ya kurekebisha tofauti zilizopo. Takwimu zote unazohitaji zimo katika tovuti ya ofisi yenyewe.

Bei za mauzo ndizo ngumu kupata, kwa kuwa Texas haimlazimishi mtu kuitangazia serikali bei aliyonunulia nyumba. Aliyenunua mwaka jana kwa bei iliyo chini ya thamani aliyoandikiwa ana ushahidi mzito mkononi: karatasi ya kufunga mauzo. Tafuta pia ripoti ya ukaguzi uliyolipia kabla ya kununua. Ile yenye kurasa 40, picha za dari na maelezo ya msingi, ambayo tangu siku ya kukabidhiwa funguo hakuna aliyeifungua. Ongeza picha zako mwenyewe, na makadirio ya fundi yaliyoandikwa, yenye jina la kampuni, tarehe na kiasi. Fundi akikuambia kwa mdomo kwamba kazi itafika dola 12,000, mwombe aandike.

Kisha omba ushahidi wa upande wa pili. Una haki ya kupata, bila malipo, takwimu na nyumba za kulinganisha ambazo ofisi inakusudia kuzitumia dhidi yako, angalau siku 14 kabla ya kusikilizwa, na walichokunyima baada ya kuomba hawaruhusiwi kukitumia siku hiyo. Zisome. Mara nyingi utakuta nyumba ya kulinganisha iliyokarabatiwa yote, au iliyo ng'ambo ya barabara kuu katika wilaya nyingine ya shule, ambako watu hulipa zaidi kwa sababu ya shule.

Pingamizi nyingi huishia katika mazungumzo ya awali na mthamini mmoja, ana kwa ana, kwa simu au mtandaoni. Anatoa tarakimu, unaikubali au unaendelea. Ukiendelea unafika mbele ya bodi ya mapitio, ambayo ni wakazi wa kawaida wa kaunti, mara nyingi watatu mezani, na muda hauzidi dakika 15 au 20. Wao si waajiriwa wa mthamini. Kwa kawaida wajibu wa kuthibitisha thamani uko kwa ofisi ya uthamini. Wewe huna haja ya kuthibitisha kwamba ni maskini.

Hapa ndipo watu wetu hupoteza. Huja wamevaa vizuri, wenye heshima, na huanza na shida: nina watoto watano, mume wangu ameumia mgongo, bili imenishinda, naomba mnihurumie. Wajumbe husikiliza kwa huruma ya kweli, lakini hawana mamlaka juu ya bili wala kiwango cha kodi. Wanaamua thamani tu. Dakika zinakwisha kabla ufa haujatajwa. Anayeanza na tarakimu ana nafasi: nyumba yangu mmeikadiria dola 340,000, hizi hapa nyumba tano za mtaa huu, thamani yake ya katikati ni 312,000, hii hapa ripoti ya msingi, kazi ya 12,000, naomba thamani iwe 300,000. Sentensi nne na nakala tano za karatasi. Kiingereza kikiwa kizito, omba mkalimani mapema kwa maandishi, au nenda na mtoto mkubwa au rafiki aliyekwisha kufanya mazoezi nawe mezani nyumbani.

Tuseme unashushiwa dola 20,000, na jumla ya viwango vyote vya kodi mahali unapoishi ni dola 2.20 kwa kila 100. Umeokoa dola 440 kwa mwaka huo. Angalia lakini: ikiwa ukomo wa asilimia 10 umekwisha kukushusha chini ya bei ya soko, barua itaonyesha tarakimu mbili, ya soko na ya kutozwa. Kodi hutoka kwenye ile ya chini. Kushusha ya soko hakutakupa kitu mwaka huo mpaka ushuke chini ya ya kutozwa. Ni vema kujua hili kabla ya kupoteza siku ya kazi. Kampuni zinazoweka pingamizi kwa niaba ya watu huchukua sehemu ya fedha utakazookoa, na kwa asiyeweza kupata ruhusa kazini zina faida yake. Soma mkataba: mingine hujirudia kila mwaka mpaka uivunje kwa maandishi. Bodi ikikukatalia, bado kuna mahakama na usuluhishi, ndani ya siku 60. Kwa nyumba ya makazi isiyozidi dola 500,000, amana ya usuluhishi ni dola 450.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba pingamizi ni jambo kati ya mtu na ofisi. Nenda Chicago uone sura yake nyingine.

Katika kaunti ya Cook, ambako Chicago iko, shule na miji hutangaza kwanza jumla ya fedha wanazotaka kukusanya. Kisha jumla hiyo hugawanywa kwa wenye mali kulingana na thamani zao. Ni kama kamati ya harusi iliyokwisha kupitisha bajeti: mjomba tajiri akijipunguzia mchango, bajeti haipungui, na pengo linajazwa na shangazi asiyehudhuria vikao. Ukiweka rufaa na kushinda, sehemu yako inaangukia wengine. Usipoweka, umebeba sehemu ya walioweka.

Na walioweka walikuwa akina nani? Mwaka 2017 gazeti la Chicago Tribune lilichapisha uchunguzi mkubwa ulioonyesha kwamba nyumba za bei ya chini zilikuwa zikikadiriwa juu kupita kiasi na za bei ya juu zikikadiriwa chini, na kwamba rufaa, badala ya kusawazisha, ziliongeza upogo huo, kwa kuwa waliokuwa na uwezo ndio waliokata rufaa zaidi. Christopher Berry wa Chuo Kikuu cha Chicago alifikia hitimisho hilo hilo. Mkuu wa uthamini, Joseph Berrios, alishindwa katika uchaguzi wa mchujo wa Machi 2018 na Fritz Kaegi, aliyeahidi kusahihisha hesabu. Na wanasiasa wawili wenye nguvu kuliko wote mjini, diwani Edward Burke na spika wa bunge la jimbo Michael Madigan, walikuwa kila mmoja na ofisi ya mawakili wa kushusha kodi za majengo makubwa. Ofisi ya Burke ililihudumia hata jengo la Trump lililo kando ya mto. Desemba 2023 Burke alitiwa hatiani kwa kutumia cheo chake kuwashinikiza wawekezaji wampe kazi hiyo ya kodi, akahukumiwa kifungo cha miaka miwili. Madigan alitiwa hatiani Februari 2025, katika kesi iliyogusa pia jitihada za kuwatafutia wateja mawakili wake, akahukumiwa miaka saba na nusu.

Wachumi Carlos Avenancio-León na Troup Howard wamepima jambo hili kwa nchi nzima. Waligundua kwamba familia za watu weusi na za wenye asili ya Amerika ya Kilatini hubeba mzigo wa kodi ya nyumba ulio juu kwa asilimia 10 hadi 13 kuliko wengine kwa huduma zile zile za umma. Walipoitazama kaunti ya Cook kwa karibu, waliona pia kwamba familia hizo hukata rufaa mara chache zaidi, hushinda mara chache zaidi, na zikishinda hupunguziwa kidogo zaidi. Mhamiaji mweusi aliyenunua nyumba upande wa kusini wa Chicago ameingia katika hesabu hiyo bila kuulizwa.

Detroit ilifika mbali zaidi. Katiba ya Michigan inakataza nyumba kukadiriwa zaidi ya nusu ya thamani yake ya soko. Bei za nyumba za Detroit zilipoporomoka baada ya 2008, makadirio ya jiji hayakuporomoka nazo. Mwaka 2020 gazeti la Detroit News lilikadiria kwamba kati ya 2010 na 2016 wenye nyumba walitozwa angalau dola milioni 600 zaidi ya ilivyopasa. Kati ya 2011 na 2015 jengo moja kati ya manne jijini lilichukuliwa kwa sababu ya kodi ambayo haikulipwa. Profesa wa sheria Bernadette Atuahene amelishughulikia jambo hili kwa miaka, katika utafiti na katika muungano wa wakazi unaowasaidia watu kukata rufaa. Wengi wa waliofukuzwa walikuwa na haki ya kubisha, na wengi walikuwa maskini kiasi cha kustahili msamaha kamili. Fomu ya msamaha ilikuwapo. Walioihitaji hawakuijua, na jiji halikujisumbua kuwafikishia. Ninapokutana na mtu anayesema kwamba kila mwenye nyumba ana wajibu wa kujitafutia haki yake, humwelekeza Detroit. Kodi iliyo halali kwa anayelalamika tu haijawa halali.

Kwa sababu hiyo siwezi kuandika kwamba pingamizi ni dawa. Ni kinga ya mtu mmoja kwa mwaka mmoja. Kuacha kuitumia, hata hivyo, hakuifanyi hesabu kuwa ya haki. Kunahamisha mzigo kwako tu. Na mzigo usiolipwa hukua haraka. Geraldine Tyler wa Minneapolis, bibi aliyekuwa na miaka 94 kesi yake ilipofika Mahakama ya Juu ya Marekani, alidaiwa kodi ya dola 2,300 hivi kwa nyumba yake ndogo ya ghorofani. Riba, adhabu na gharama zililifikisha deni 15,000. Kaunti ya Hennepin iliuza nyumba kwa 40,000 na kubaki na fedha zote. Mei 2023 majaji wote tisa waliamua kwamba kaunti haikuwa na haki ya kuchukua zaidi ya ilichodai. Kaunti hiyo ni makazi ya Wakenya wengi. Wajue kwamba ziada ya mauzo ya namna hiyo ni ya mwenye nyumba.

Kinachoweza kufanywa na jumuiya ni kukaa pamoja kabla ya Mei. Ukumbi wa kanisa au msikiti, Jumamosi moja ya mwishoni mwa Aprili, kompyuta tatu, printa, na vijana wawili wanaojua kusoma kadi za nyumba. Kila mtu aje na barua yake, kitambulisho, na ripoti ya ukaguzi. Nyumba zilizo mtaa mmoja zikiwekwa mezani kwa pamoja, tofauti za makadirio huonekana mara moja, na wale watano wa mtaa huo wanakuwa na nyumba za kulinganisha bila kutafuta mbali. Wazee wapitiwe majina yao kwanza, kwa ajili ya misamaha.

Halafu kuna nusu ya pili ya hesabu, ambayo pingamizi haiigusi kabisa. Viwango vya kodi hupangwa kati ya Agosti na Septemba, na madiwani, makamishna wa kaunti na bodi za shule. Tangu 2019 sheria ya Texas inaitaka miji mikubwa na kaunti kwenda kwa wapiga kura ikiwa inataka kukusanya zaidi ya asilimia 3.5 juu ya mwaka uliopita kutoka kwa mali zile zile. Kabla ya kupitishwa, viwango hujadiliwa katika vikao vya wazi ambavyo tarehe zake hutangazwa, na mkazi yeyote anaweza kujiandikisha kuzungumza kwa dakika chache. Hapo sasa ndipo mahali pa watoto watano, pa mgongo ulioumia na pa bili iliyoruka kwa dola 684, kwa sababu waliokaa mbele ndio wenye mamlaka juu yake. Wanaofika vikao hivyo kwa wingi ni wawakilishi wa wajenzi na wa wafanyabiashara, waliokwisha kushusha thamani za majengo yao mwezi Mei na sasa wamekuja kwa ajili ya kiwango.